Misuku Tisa ya Evodia

Jumatatu asubuhi, pale kijijini Pito, Evodia alikuwa anafagia majani chini ya misuku yake tisa, miti ya matunda ya porini, wakati Mbonile alipofika na pikipiki ya ofisi. Mbonile alikuwa bwana shamba, kijana wa Mbeya, mwaka wake wa pili Sumbawanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Hakukaa. Alisema mradi unaleta miche mia moja iliyobebeshwa, yote kwa vikonyo vya mti mama mmoja wenye masuku makubwa. Misuku ya zamani ikatwe Alhamisi, maana hakuna miwili inayofanana: huu unaivisha Oktoba, ule Desemba, mwingine matunda yake madogo kama gololi. Na miwili haizai kabisa.

"Hiyo miwili ni madume," Evodia alisema. "Bila hiyo, hii mingine haishiki tunda. Mama mkwe aliiacha makusudi alipofyeka shamba."

"Nakuelewa, mama. Lakini mimi nimetumwa."

Evodia alikuwa na miaka sitini na minne, na maisha yake yote alikuwa akiwaeleza watu waliotumwa. Akarudi kufagia.

Jumatano, baada ya chai, misuku iling'oa mizizi yake ikaondoka. Madume yalitangulia. Evodia alianua mashuka kambani yasichafuke, akasimama pembeni mpaka wa mwisho ukapita. Huo ulikuwa unachechemea, maana moto uliwahi kuuunguza ubavu mmoja.

"Nenda taratibu," aliuambia.

Kesho yake alipigiwa simu na mpwa wake Precious, anayewapikia madereva wa malori kule Kasesya.

"Mama mdogo, miti yako ipo hapa mpakani. Inadaiwa cheti cha afya ya mimea."

"Mvua iliikuta njiani?"

"Kidogo."

"Basi imeshaoga, waiachie tu."

Saa sita mchana misuku ikavuka kuingia Zambia. Afisa aliyekuwa zamu aliandika: wasafiri tisa, mizigo hakuna.

Mbonile alikuja na msumeno, akakuta mashimo tisa, akajaza fomu kwamba eneo limesafishwa. Miche ikapandwa kwa mistari. Upepo ukivuma yote iliinama sawasawa. Mwaka wa nne ilichanua siku moja, na maua yakapukutika siku moja. Halikushika hata suku moja.

Desemba hiyo, sokoni mjini, Evodia alimkuta mchuuzi na ndoo ya masuku. Akaonja moja, akatambua ladha ya ule ulioungua ubavu.

"Yametoka Zambia, mama," mchuuzi alisema. "Kwenu misuku haizai siku hizi?"

"Haizai."

Aliporudi nyumbani alimkuta Mbonile, mvi zimeanza kumwota, ameegemea gari lenye miche mia moja mingine. Mti mama ulikuwa uleule.

"Wanasema ile ya kwanza hukuitunza vizuri, mama."

Evodia alivua kandambili, akapumzisha miguu kidogo.

"Ishushe kivulini," alisema.

Kivuli hakikuwepo. Akamwonyesha mahali juani, akaingia ndani kuchukua jembe.