Pesa za Alhamisi

Daktari alisema Alhamisi, Sojida akajibu sawa, kwa sababu pesa zilikuwepo. Mtoto alikuwa ametanguliza matako na uchungu haukufaa kungojewa. Upasuaji pale hospitali ya kulipia ulikuwa milioni tisa za som, pesa ya huko, bila kuhesabu kitanda cha siku tatu na dawa. Mwingine angetoka pale analia. Sojida alitoka akipiga hesabu ya teksi.

Pesa hizo zilitoka vidoleni mwake. Alikuwa mshona kofia, sindano na uzi, kofia moja siku nne, na kila alichopata alikitia kwenye upatu wa wanawake kumi na wawili wa mtaa wao hapo Margilan. Zamu yake ilipofika alipokea milioni kumi na mbili taslimu, na miezi mitano ya kuchangia bado ilikuwa inamdai. Bunda lile halikulala kwa mumewe hata usiku mmoja. Nyumbani kwa mumewe kila senti hupita mkononi mwa mama mkwe, Bi Manzura, na ikishapita hapo usiitafute. Sojida alizipeleka kwa mama yake mzazi, Bi Hamro, akamwambia ni za kujifungulia. Wa pili aliyejua ni Ikrom, mumewe. Basi, hakuna mwingine.

Jumatatu alikwenda kuzichukua. Mama yake alimfungulia mlango anacheka, akamvuta mkono mpaka chumba cha wageni.

"Funga macho. Haya, fungua."

Katikati ya chumba palikuwa na beshik, kitanda cha mtoto cha kubembeza, kimechorwa maua mekundu, shuka zake za mahameli zimetandikwa tayari. Ukutani palipangwa masinia ya zawadi yamefunikwa, magodoro mapya, kigari cha mtoto, joho la baba mkwe, vitambaa vya mawifi. Palibaki njia ya mtu mmoja tu kupita.

"Mama, umekopa wapi vyote hivi?"

"Nani atamkopesha mjane? Ni zile zako."

Alisema hivyo hivyo, kama anataja bei ya vitunguu.

"Zile ni za kupasuliwa, mama. Nilikwambia."

"Si hospitali ya serikali ipo? Mimi nimezaa watano, sijachanjwa hata wembe."

"Mtoto amekaa vibaya. Nakwenda Alhamisi."

"Atageuka. Na asipogeuka, huko serikalini hakuna visu?" Bi Hamro akaanza kukunjua mahameli iliyokwisha kunyooka. "Wewe hujui maneno ya watu. Binti wa jirani alipelekewa masinia ishirini na moja. Kitanda cha mtoto wa kwanza kinatoka kwao mke, hata kama huyo mke hana baba. Niwapelekee saba, wakusimange mpaka unazeeka mle ndani? Nimekuokoa, mwanangu."

Ndiyo mapenzi ya mama huyo, yakupe sifa ukiwa umekufa. Sojida alikasirika, na aibu ya kumkasirikia mama yake ikakaa juu ya hasira.

"Hukuniuliza."

"Na mimi nani aliniuliza? Nililetewa orodha."

Akaitoa kifuani, imekunjwa mara nne. Sojida alidhani ataona mwandiko wa Bi Manzura. Aliouona ni wa Ikrom, zile herufi zake zinazolalia kushoto. Masinia ishirini na tano. Kitanda, kigari, joho. Na chini kabisa, kwa adabu zote: *Mama, usihangaike na gharama. Zile pesa za Sojida si unazo?*

Alisoma mara mbili. Mtu aliyelala naye, aliyemshika tumbo jana yake akauliza kama mtoto anacheza, ndiye aliyeandika vile.

"Mwite mwenye duka," alisema. "Virudi."

"Atakata robo."

"Akate. Itabaki ya upasuaji. Kitanda cha hospitali nitajua mwenyewe."

"Watu wameshaviona vikishushwa, Sojida. Nitapita wapi mtaani?" Bi Hamro akaketi, akalia kwa sauti ya chini. "Ishi na mumeo, mwanangu. Pengine hakuelewa."

Sojida alimpigia Ikrom palepale, akaweka sauti juu ili mama yake asikie mwenyewe.

"Ikrom, mtoto hajageuka. Alhamisi napasuliwa, saa mbili asubuhi. Pesa zote zimeishia kwenye orodha yako."

Nyuma ya Ikrom sauti ya Bi Manzura ikasema, "Si yuko huko huko? Muulize basi."

"Sojida," Ikrom akasema, "mama anataka kujua, hicho kitanda ni cha mti wa jozi, au ni vile vya bei rahisi?"

"Umesikia nilichokwambia?"

"Nimesikia. Hayo tutayaongea ukirudi. Nijibu kwanza, amesimama hapa."

Sojida alikata simu. Bi Hamro hakulia tena. Alifuta uso kwa ncha ya mtandio, akainuka, akavua mahameli moja moja akaziweka chini. Kisha akakishika kile kitanda kwa mpini wake, akaanza kukiburuta kuelekea mlangoni, na kilikuwa kizito kwake.

Sojida hakumsaidia.