Maandishi ya Chini ya Picha

Tamthilia zake zote zilikuwa za dakika kumi, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Dakika Kumi, naye aliitika. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tatu mwenye duka la kutoa nakala. Tamthilia aliziandika pale pale kaunta, mgongoni mwa karatasi zilizoharibika, kati ya mteja wa kitambulisho na mteja wa barua ya kuomba kazi. Mteja akiingia, mtu anayekufa jukwaani anangoja. Mteja akitoka, anaendelea kufa.

Kwa miaka kumi na miwili tamthilia hizo zilichezwa kwenye matamasha ya karibu na ya mbali, na kila zilikokwenda watu walicheka. Hilo ndilo lililomchosha. Aliandika habari za mjane, wakacheka. Aliandika habari za mwalimu aliyefukuzwa kazi, wakashika mbavu. Walipompongeza walimwambia, "Dada, unajua kutuchekesha!" Naye alitabasamu huku roho inamuuma, kwa sababu walikuwa watu wema na hawakukusudia ubaya.

Safari hii aliichukua tamthilia ambayo hakuwahi kumpa mtu aicheze, akaifanya filamu fupi. Ndugu wawili wanagawana vitu vya marehemu baba yao. Chumba kimoja, kabati moja, dakika kumi na moja. Kaka mkubwa alichezwa na kinyozi wa mlango wa pili, ambaye alimtania miezi miwili kwamba sasa inabidi abadilishwe jina. Katikati ya filamu mdogo anasema, "Baba alikupigia simu siku tatu. Ulizima." Na mkubwa, ameshika mlango wa kabati, anajibu, "Nilizima kwa sababu nilikuwa namngoja afe."

Filamu nzima ilisimama juu ya sentensi hiyo. Asiyeisikia hakuiona filamu.

Tamasha moja kubwa la ng'ambo likaipokea. Yeye hakualikwa, ilialikwa filamu. Sharti lilikuwa maneno yatafsiriwe kwa lugha ya huko na kuandikwa chini ya picha, na katika ukoo mzima aliyeijua lugha hiyo alikuwa mmoja tu, Shangazi, dada wa marehemu baba yake. Shangazi alikuwa mkalimani wa hospitali kwa miaka thelathini, akisimama kati ya madaktari wageni na wagonjwa. Alikuwa amestaafu na macho yamepungua nguvu, lakini hakuuliza hata swali moja. Alivaa miwani, akaandika kwa mkono wiki tatu, mistari mia moja na arobaini, akaleta daftari dukani limefungwa ndani ya mfuko wa nailoni lisije likalowa. Dakika Kumi aliyachapa maneno yale herufi kwa herufi bila kuelewa hata moja, akayatuma.

Ijumaa saa tatu asubuhi simu ikalia. Alikuwa mratibu wa tamasha, binti aliyehamia huko angali mtoto, na Kiswahili alichopewa na mama yake alikuwa bado anacho.

"Dada, hongera! Jana imeonyeshwa mara ya kwanza. Watu wameipigia kura mpaka imeshika nafasi ya kwanza! Wanaitoa chumba kidogo. Kesho alasiri inakwenda ukumbi mkubwa, viti mia nne, kipindi cha familia."

Dakika Kumi alishika kaunta. "Familia? Na watoto?"

"Na watoto."

"Filamu ile?"

"Ndiyo maana nimekupigia badala ya kukuandikia. Mimi nasikia Kiswahili, na maandishi ya chini nayasoma. Dada, hizo ni filamu mbili."

"Mbili vipi?"

"Pale kaka anaposema alikuwa anamngoja baba afe, chini pameandikwa, 'Nililemewa na huzuni, nikakosa nguvu ya kupokea.' Chumba kizima kilishusha pumzi. Mwanamume aliyekuwa mbele yangu akamshika mkewe mkono. Na pale mdogo anapomwita mkubwa mbwa, pameandikwa 'ndugu yangu.'"

"Na anapotema mate?"

"Mate hayana maandishi. Lakini kwa maneno yale, watu walidhani ana mafua."

Dakika Kumi alikaa. Mteja aliyekuwa akingoja nakala za cheti alimtazama, akasogeza karatasi zake pembeni, akasubiri. Alikuwa mtu mstaarabu.

Binti akamweleza polepole. Kurekebisha kuliwezekana, mradi maandishi mapya yafike kabla ya saa kumi siku hiyo. Ila maneno makali hayakubaliwi kipindi cha familia. Filamu ingerudi chumba kidogo, Jumapili asubuhi, viti thelathini na viwili, na kura zingeanza upya. Akiyaacha yalivyo, basi ni ukumbi mkubwa, watu mia nne. "Mimi nitafanya utakalo," binti alisema. "Ila nimeona si haki usijue."

Shangazi alifika saa nne na nusu, na chupa ya chai, kwa kuwa alidhani ameitiwa pongezi. Kinyozi naye alikwisha kuivuta habari kupitia ukuta. Alisimama mlangoni na taulo begani, mteja wake ameachwa kichwa nusu.

"Ndugu yangu," Dakika Kumi alisema, hata kuamkia alisahau. "Mbwa umemfanya ndugu yangu, Shangazi?"

Shangazi aliweka chupa chini. "Kwani si nduguye?"

Kinyozi akaangua kicheko.

"Wewe usicheke! Siongei na wewe."

"Nisicheke vipi, na sura yangu inakwenda kuonwa na watu mia nne? Dakika Kumi, acha hivyo hivyo. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kuonwa na watu mia nne hata siku ya harusi yangu."

"Watakuona unabembeleza."

"Nibembeleze! Mke wangu atafurahi, hajawahi kuniona nikibembeleza."

Dakika Kumi aligeukia ukuta ili asije akasema neno la kumkosea mtu mzima adabu. Alipowageukia tena sauti yake ilikuwa imeshuka. "Shangazi, yale maneno uliyajua. Lugha ile umeila miaka thelathini. Kwa nini hukuyaandika?"

"Mwanangu, unadhani silijui neno la kufa kwa lugha yao? Nimelisikia kuliko jina langu." Shangazi alivuta kiti, akakaa, akaweka mkoba mapajani. "Daktari alikuwa akisema, mwambie hatapona. Basi, kamaliza, anatazama saa. Anayebaki ameshika mkono wa mtu ni mimi. Nikiyatoa kama yalivyo, mtu anaanguka, na hamwangukii daktari, ananiangukia mimi. Nikajifunza kuyashusha taratibu, kama mtu anavyoshusha ndoo iliyojaa."

"Na kule ukumbini nani angekuangukia?"

"Sikujua. Ndiyo maana nikachukua tahadhari."

Kinyozi alicheka tena, kisha mteja wake akamwita kwa ukali, akakimbia na taulo lake. Wakabaki wawili, na mashine ya nakala ikinguruma kwa kupoa.

"Miaka kumi na miwili," Dakika Kumi alisema. "Kila ninalolisema, mtu analitia sukari kabla halijafika. Waigizaji wanalitia, watazamaji wanalitia. Hili moja nilitaka lifike likiwa chungu. Moja tu. Na aliyelitia sukari ni mtu wa damu yangu."

Shangazi alifungua mkoba, akaufunga. "Ile sentensi si ya kaka wa kwenye filamu," alisema. "Ni yako. Nilipofika pale nilijua. Mimi ndiye niliyekuwa nakupigia zile siku tatu, na simu ya kaka yangu mkononi."

Dakika Kumi aliizima mashine ya nakala.

"Kila saa ananiuliza, amepokea? Nikamwambia uko njiani."

"Najua. Uliniambia msibani, ukidhani unanipoza."

"Alikwenda akiutazama mlango, anakungoja. Nilifanya vibaya?"

"Sijui, Shangazi. Ninachojua ni kwamba sikuwa njiani. Nilikuwa hapa hapa, kwenye kiti hiki, simu imezimwa, nangoja niambiwe yamekwisha, kwa sababu nilishindwa kumwona akiwa vile. Huu mwaka wa sita, kila mtu ananiambia nililemewa na huzuni. Hata kwenye filamu yangu mwenyewe mnaniambia nililemewa na huzuni! Hakuna anayeniacha niseme."

Mwanafunzi mmoja aliingia kutaka kuchapisha picha ya pasipoti, akawatazama, akasema angerudi.

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya nguo yake, muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Lete daftari," alisema.

Walianza mstari wa kwanza. Shangazi alitaja herufi, Dakika Kumi akachapa. Watu waliingia na kutoka: mbele na nyuma nakala tatu, kufunika kadi plastiki, mzee mmoja aliyetaka barua ya kumlalamikia jirani yake, akaambiwa aje kesho. Mbwa akawa mbwa. Mstari wa arobaini na moja Shangazi aliomba "mpumbavu" awe "asiyeelewa," akanyimwa. Mstari wa sitini aliomba tena, safari hii kwa macho tu. Dakika Kumi alikuwa na njaa na hasira, na kila mara alipotaka kumharakisha aliona kidole kile cha kizee kikifuata mstari, kikirudi nyuma kuhakikisha, akameza maneno yake.

Saa nane na nusu wakafika mstari wa themanini na nane.

"Kuna neno lao jingine," Shangazi alisema. "Ni kama kutangulia. Maana haibadiliki."

"Afe, Shangazi."

"Watu wa pale nao wana baba zao."

"Afe."

Shangazi alitazama nje, magari yakipita. Kisha akaitaja herufi ya kwanza, akaitaja ya pili. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Alipomaliza aliomba maji, Dakika Kumi akainuka akamletea, akamshikilia glasi mpaka akanywa nusu.

Saa kumi kasorobo maandishi yakaondoka. Kinyozi alipoambiwa hakutania tena. "Viti thelathini na viwili," alisema. "Mia nne umewaacha, umechukua thelathini na wawili. Ungekuwa duka ungefilisika." Akaenda zake, amenuna kikweli.

Jumapili walikaa sebuleni kwa Shangazi, simu imewekwa katikati ya meza juu ya kitambaa. Kinyozi alikuja pia. Hakusalimia vizuri, lakini alikuja, na alikuwa amevaa shati la kutokea.

Mratibu alipiga kama alivyoahidi.

"Walikuja kumi na tisa," alisema. Sauti yake ilikuwa tofauti na ya Ijumaa. "Pale kwenye ile sentensi mwanamke mmoja wa makamo alitoka, hakurudi. Waliobaki hawakucheka popote. Ilipokwisha nikawasha taa, hawakuinuka. Nikazima, nikawasha tena, ndipo wakaondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyepiga makofi."

"Kura je?" kinyozi aliuliza.

"Wamepiga watatu."

"Tumekuwa wa ngapi?"

"Wa mwisho, kaka. Nisamehe."

Kinyozi aliegemea kiti akafumba macho. Dakika Kumi aliitazama simu. Alitaka kuuliza nyuso zao zilikuwaje, nani alikuwa amekaa wapi, mikono waliiweka wapi, na kimya chenyewe kilikuwa kizito kiasi gani. Lakini binti angemjibu nini kutoka mbali vile? Kimya hicho alikitamani miaka kumi na miwili, na siku kilipokuja yeye hakuwamo chumbani. Alijikuta ana hasira na tamasha, na viti, na nauli, na yule mwanamke aliyetoka kabla ya kuona mwisho, na hakujua ni ipi aanze nayo.

"Asante," alisema. "Asante kwa kuwazimia taa."

Binti alikuwa anaaga, Shangazi alipoinama mpaka miwani ikakaribia kugusa simu.

"Mwanangu, huyo mwanamke aliyetoka. Kuna mtu aliyemfuata?"

"Sikuangalia, bibi. Nilikuwa kwenye mitambo."

"Mkoba wake aliondoka nao?"

Kukawa na mchakacho. "Hapana. Upo hapa, kwenye kiti. Na koti."

"Basi hajafika mbali. Usikate simu. Mpelekee."

"Nikimkuta nimwambie nini?"

Shangazi alifungua mdomo. Maneno alikuwa nayo, ya miaka thelathini, yamepangwa. Akaufunga, akamgeukia mtoto wa kaka yake, akamngoja yeye.

Dakika Kumi aliivuta simu karibu. "Usimwambie kitu," alisema. "Mpe koti lake, ukae naye. Akitaka kusema, msikilize mpaka amalize, hata akisema neno baya."

Walisikia mlango ukifunguliwa, kisha viatu vya binti vikishuka ngazi, moja baada ya nyingine, na hakuna aliyenyoosha mkono kukata simu.