Dakika Kumi na Nane za Mwisho

Katika banda la video la Innocent, pale Mji Mpya, hakuna aliyewahi kuona mwisho wa muvi ya fundi lifti isipokuwa Raya. Na Raya aliuona kwa sababu ndiyo kazi aliyopewa.

Kila muvi mpya ilipofika, aliisikiliza peke yake, akaandika maneno yote kwa Kiswahili kwenye daftari. Siku ya kuionyesha, Innocent alikaa nyuma ya pazia na kipaza sauti, akayasema maneno yale kwa sauti za watu wote: mke, mtoto, polisi, kichaa. Raya alikaa pembeni akimfunulia kurasa. Alikuwa amemaliza chuo Mazimbu mwaka uliopita, na kazi ya nyuma ya pazia ilimfaa, maana alikuwa mtu wa kuona haya hata kuuliza bei ya nyanya.

Innocent hakusoma tu, alitia na pilipili yake. Muvi yenyewe ilihusu fundi lifti, mtu mpole asiyejibizana na mtu, ambaye mwenye nyumba wake alimwonea mpaka akamtupia vyombo nje kwenye theluji. Uvumilivu ulipomwishia, fundi alichukua spana akapanda ghorofa ya tisa. Innocent alipolisoma daftari alicheka.

"Mwenye nyumba? Hapa nani ana habari na mwenye nyumba? Huyu adui tumwite mjomba."

"Kaka Innocent, hawana udugu hao."

"Wewe Mluguru gani? Ardhi ya ukoo huko kwenu anaigawa nani? Si mjomba? Kila Mluguru ana mjomba wake anayemnyima usingizi. Wewe niachie mimi."

Na kweli, fundi aliponyanyua spana, vijana walisimama juu ya mabenchi. "Mpe! Mpe mjomba huyo!" Spana iliposhuka tu, Innocent akazima kompyuta na kutangaza, "Stelingi hafi, jamani! Inayofuata!" Dakika kumi na nane zilizobaki hazikuwa na ngumi hata moja. Alisema zingemkimbizia wateja.

Baba mmoja alikuja Jumanne. Akaja tena Jumatano. Mtu wa makamo, kofia ya viua kichwani, shati amelifunga mpaka kifungo cha shingoni. Wenzake waliposhangilia yeye alikaa tu, goti likimcheza kama la mtu anayekanyaga cherehani. Muvi ilipokatwa aliondoka haraka kuliwahi gari la saa kumi la kwenda Kinole, huko mlimani.

Alhamisi alifika kabla ya wateja wengine, na kiroba kwapani. Raya alikuwa akifagia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ile ya fundi ipo leo?"

"Ipo. Lakini si umeiona mara mbili?"

"Nimeiona. Nataka nimwone tena anavyosimama."

"Anavyosimama?"

"Miaka yote amekaa chini, anakubali, anakubali. Halafu siku moja anasimama." Alisema kwa lafudhi ile ya mlimani ambayo Raya aliijua kwa bibi yake. "Mimi naitwa Luqmani. Miaka ishirini na mbili nimelima shamba la ukoo wa mke wangu, Mwaisha. Nimepanda mikarafuu, nimepanda midalasini. Mwaisha amefariki mwezi wa saba. Arobaini haijafika, kaka yake, Salum, kaniita mbele ya watu. Unajua kaniambiaje?"

Raya alitikisa kichwa.

"'Shemeji, miti ni yako, ardhi ni yetu. Ng'oa mikarafuu yako uende nayo kwenu.' Watu wakacheka."

"Na wewe ulisemaje, baba?"

"Nilicheka nao."

Raya aliushika ufagio asijue pa kuuweka. Akauliza kama alikuwa na watoto. Alikuwa naye mmoja tu, Mwajuma, fundi cherehani, anaishi Kihonda.

"Anajua haya?"

"Baba mzima nikamlilie mtoto? Hapana."

Hapo Raya alikuwa na neno la kusema. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na Mwajuma ni wa ukoo huo. Luqmani hakuwa na sauti juu ya ardhi ile, lakini Mwajuma alikuwa nayo, na Salum alijua, ndiyo maana aliharakisha kabla binti hajapata habari. Hata mtoto wa darasa la tano kule mlimani angeliona hilo. Lakini mtu mzima aliyefedheheka huona kitu kimoja tu mbele yake. Raya akaona haya kulisema neno hilo, akalimeza. Akainamisha macho, akaona mpini uliotokeza kwenye kiroba. Lilikuwa panga jipya, karatasi ya dukani bado imebandikwa kwenye mpini.

"Unakwenda kulima, baba?"

"Shamba sina," Luqmani akasema, akatabasamu, akaingia ndani kuchagua benchi.

Innocent alimpita pale kwenye benchi akamtania, "Mzee, ukija tena kesho tutakupa kadi ya uraia!" Luqmani alikuwa akiitazama skrini tupu.

Onyesho lilianza saa nane. Raya alifunua kurasa mbili kwa pamoja, akarudi nyuma, akakosea tena.

"Vipi wewe? Unanichanganya," Innocent alinong'ona, mkono kwenye kipaza sauti.

"Kaka, leo tuiache mpaka mwisho."

"Nini?"

"Kuna mtu mle ndani ana panga. Anadhani inaishia pale."

"Watu wa milimani wote wana mapanga, Raya. Fungua ukurasa."

Akaufungua. Kupitia tundu la pazia aliliona lile goti likicheza. Fundi akatupiwa vyombo nje. Fundi akakaa kwenye ngazi. Innocent akapaza sauti ya adui, nene, ya dharau: "Mimi ndiye mjomba! Utanifanya nini?" Banda likanguruma. Fundi akasimama. Luqmani naye akasimama, kiroba kwapani. Spana ikapanda, ikashuka. Innocent akanyoosha mkono kuzima.

Raya aliukamata ule mkono. Hakuwahi kumshika Innocent hata bega, na yule bwana alishangaa mno, akaachia kipaza sauti. Raya akakichukua.

"Haijaisha," akasema. Sauti yake ikatoka kwenye spika zote mbili, nyembamba. "Jamani, haijaisha."

"Nani huyo?" mtu akapiga kelele. "Mrudishe Innocent!"

"Huyo aliyekufa si mjomba wake. Sisi ndio tuliomwita mjomba. Alikuwa mwenye nyumba tu. Sasa fundi anashuka kwa ngazi. Lifti anayoitengeneza kila siku, leo anaiogopa."

"Weka ya ngumi! Tumechoka!"

Mabenchi yakaanza kugongwa. Luqmani alikuwa mlangoni tayari, nusu juani, nusu kivulini. Alikuwa amegeuza kichwa.

"Ananawa mikono kwenye bomba la barabarani," Raya akaendelea. Daftari lilikuwa na maneno ya watu tu, haya mengine aliyakumbuka. "Maji yameganda. Anakwenda shuleni kwa binti yake. Anataka amwone kabla hajakamatwa. Polisi wamefika kabla yake. Wanamleta mtoto mpaka getini, wanamwuliza, 'Unamjua mtu huyu?'"

Kwenye skrini mtoto aliyevaa kofia ya sufu alikuwa akimtazama baba yake. Alitazama muda mrefu. Zomeazomea ikapungua, ikabaki ya mtu mmoja, naye akaambiwa na jirani yake anyamaze.

"Anasema, 'Simjui.'"

Ilikuwa saa kumi na dakika tano picha ilipoishia kwenye weupe. Innocent alimpokonya kipaza sauti na kuweka muvi ya ngumi. Raya akatoka nje kwa mlango wa nyuma, akaegemea ukuta.

Luqmani alimfuata akamkuta ukutani.

"Umeniachisha gari!" akafoka. Mate yalimrukia Raya. "Wewe binti, nani kakutuma? Siku mbili naiona imeisha vizuri. Siku mbili! Leo unaniletea mtoto!"

"Nisamehe, baba."

"Mtoto gani anamkana baba yake? Ameona nini yeye? Hakuona alivyotupiwa vyombo?"

"Hakuna aliyemwambia," Raya akasema. Kisha, kwa kuwa tayari alikuwa amekwisha kujiaibisha mbele ya watu arobaini, lile neno alilolimeza likatoka lenyewe. "Na Mwajuma hujamwambia. Shamba ni la kwao. Mjomba Salum hawezi kumwambia yeye ang'oe miti aende. Aende wapi? Wewe wanakucheka, yeye hawamcheki."

Luqmani aligeuka. Akaenda hatua tano kuelekea barabarani, akarudi, akaenda tena. Akauliza kama kuna gari jingine. Hapakuwa na jingine hadi alfajiri. Akauliza Kihonda ni mbali kiasi gani kwa miguu, ingawa alijua.

"Nisindikize," akasema mwishowe. "Miguu hii leo siiamini."

Walikwenda mbio mbio, Luqmani mbele, Raya akikimbilia nyuma yake na kandambili zake. Kila njia panda yule baba alisimama, akatazama upande wa milima, na Raya akasimama naye. Kisha wakaendelea.

Mwajuma alikuwa barazani na cherehani yake, futi ya kupimia shingoni. Akainuka.

"Shikamoo, baba! Mbona ghafla?" Akamtazama Raya, akatazama kiroba. "Na hilo panga?"

Luqmani aliingia barazani. Alikitua kiroba chini, akakisukuma kwa mguu mpaka karibu na mwanawe, akarudi nyuma hatua moja.

"Nilimnunulia mjomba wako," akasema.

Mwajuma akamtazama kwa muda mrefu, na Raya, aliyesimama uani kwa watu asiowajua, alijikuta anahesabu pumzi zake mwenyewe.

"Kaa, baba," Mwajuma akasema, akavuta stuli. "Kaa uniambie toka mwanzo."

Akakaa. Akaanza na ile siku ya kucheka, akasita, akarudi nyuma mpaka kwenye mkarafuu wa kwanza. Raya hakujua kama aage au abaki. Akabaki amesimama.