Nyumba Inayolalika

Mwaka ule sarafu yetu, tenge, iliposhushwa thamani, mji mzima wa Almaty ulisinzia. Winchi za ujenzi zilisimama juu ya mji zimeinamisha shingo, kila moja ikitazama upande wake, na kwenye maghorofa yasiyomalizika walihamia kunguru bila kulipa chochote. Theluji ikayeyuka, maji yakateremka kutoka milimani kwa mifereji ya kando ya barabara, na watu wakatembea polepole kando ya maji hayo kwa sababu hawakuwa na pa kuwahi. Mimi nilikuwa dalali wa nyumba. Dalali wa nyumba mwaka ule alikuwa sawa na muuza barafu mwezi wa kwanza, theluji ikiwa mlangoni.

Katika usingizi huo wa mji mzima, aliyekosa usingizi ni mimi. Nilikuwa nimenunua fleti ghorofa ya nane, vyumba viwili na jiko, kwa mkopo wa benki, na mkopo wenyewe nilichukua kwa dola. Wakati ule dola ilikuwa rafiki wa kila mtu, na afisa mikopo alinichekea mpaka magego yakaonekana. Kisha ikaja Februari. Nilitoka kwenda kununua mkate, nikarudi, tenge imeanguka, deni limevimba. Benki ikaniambia kwamba nisipolipa malimbikizo, mwisho wa mwezi wa tano fleti itapigwa mnada. Kwenye mnada ingeuzwa kwa bei ya kutupa, na deni lililobaki lingenifuata popote niendako. Njia ya kutoka salama ilikuwa kuiuza mwenyewe kabla ya hapo, nifute deni, nibaki mikono mitupu lakini huru. Lakini nilikuwa nawaonyesha watu nyumba za wengine mwezi mzima, na hakuna aliyefungua pochi. Na kusema ukweli sikutaka kuiuza. Asubuhi jua lilikuwa likiingia jikoni kwangu na kukaa ukutani hadi chai inapoa, na ukuta ule nilikuwa naupenda kuliko ndugu zangu kadhaa.

Ndipo wakaja watu wa Kegen, huko mashambani kwa wafugaji. Walikuwa watatu. Orynbek, kijana mpole mwenye mabega mapana, alikuwa amepata kazi ya kuhudumia boila za hospitali, kazi ambayo mdororo hauigusi kwa sababu wagonjwa lazima wapate joto. Mkewe Nazipa alishona mapazia na kusema kidogo. Na mama yake Orynbek, Kulyash, alikuwa ameuza nyumba yao na farasi wote, akaja mjini na fedha taslimu, na mto wa kulalia kwapani.

"Huo mto ni wa nini, mama?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Wa kulalia. Kwenu mjini mnalalia nini, matofali?"

Alieleza sharti lake bila haya. Baba yake, walipohama na mifugo, hakusimika hema mpaka aone kondoo wamelala wapi. Kondoo hawanunui mahali kwa kuangalia madirisha, alisema. Yeye basi angelala kidogo katika kila nyumba, na usingizi ndio ungemwambia.

"Mama, wenye nyumba wana shughuli zao," nilisema.

"Shughuli gani? Si wamefukuzwa kazi wote?"

Ada ya uuzaji mmoja tu ingenipa pumzi ya miezi michache pale benki. Kwa ajili hiyo ningembeba mgongoni pamoja na mto wake.

Nyumba ya kwanza ilikuwa upande wa juu, karibu na milima, ya mhasibu aliyekuwa anahamia kwa mkwewe. Kulyash alivua viatu, akalaza mto kwenye zulia la sebuleni, akageukia ukuta. Sisi na mhasibu tulisimama tukinong'ona kama watu walio chumba cha mgonjwa. Nje matone ya theluji yalidondoka kutoka paani. Alipoamka alijifunga kilemba.

"Nimeota farasi," alisema. "Wamesimama uani, lakini wote wamenipa mgongo."

"Basi wanalinda mlango," nilijitahidi.

"Wewe binti, umewahi kumwona farasi au kwenye picha tu?"

Tukaenda ya pili. Hiyo nilikuwa na uhakika nayo: sakafu ya mbao, dari ndefu, bei iliyokuwa imeshuka nusu. Nazipa alisimama dirishani akipima pazia kwa macho, midomo ikihesabu, na nikajua amekwisha kuhamia. Mama mkwe akalala chumba cha ndani. Akaamka na uso mzito. Alikuwa amemwona marehemu mumewe amekuja kumtembelea, ameketi kitini, lakini amekataa kuvua viatu.

"Marehemu ana haki ya kuchagua," alisema. "Hapa hakai."

"Mama, marehemu halipi umeme!" Nilishindwa kujizuia.

Orynbek aliangua kicheko, kisha akakifunika kwa kikohozi. Nazipa aliacha lile dirisha taratibu, kama mtu anayeweka kikombe cha watu mezani. Niliona uchungu wake nikaona na wangu.

Nyumba ya tatu Kulyash alishindwa kulala kabisa. Alisema kuta zinaguna. Kumbe majirani walikuwa wanagombana kuhusu mkopo wao. Hata mimi niliwasikia.

Tulitoka tukashuka kwa miguu kando ya mfereji. Miti ya mipopla ilikuwa imeanza kutoa machipukizi, hewa inanukia majimaji na moshi wa mbali, na mji wote ulikuwa na ule ukimya wa mtu aliyeamka lakini hataki kufumbua macho. Orynbek alikuwa anamwambia mama yake warudi Kegen, watapanga chumba, mambo yatatulia.

"Turudi wapi? Nyumba tumeuza," alisema Kulyash. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kizee.

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Ipo moja bado. Mwenyewe amesafiri, lakini ufunguo ninao."

Sijui nilisemaje. Nadhani nilichoka kuogopa. Usiku huo niliosha sakafu, nikatoa picha zangu ukutani, nikaficha koti langu na viatu vyangu kabatini. Asubuhi nikawapandisha kwa lifti hadi ghorofa ya nane, nikafungua mlango wangu mwenyewe kama mgeni. Nilijifanya hamnazo kweli kweli. Nikawaonyesha bomba, nikawaonyesha balkoni ya vioo, nikasema, "Jua linaingia jikoni asubuhi, nimeambiwa."

Kulyash hakuuliza kitu. Alienda moja kwa moja chumba changu, akalaza mto wake kitandani pangu, akalala.

Akalala. Robo saa ikapita, nusu saa ikapita, sisi tuko jikoni. Nikawachemshia chai, maana huwezi kumweka mgeni bila chai hata kama nyumba unasema si yako. Nikamimina maziwa, nikatoa vikombe, nikagonga bomba kwa ngumi pale linapokwama, na nikavuta droo ya vijiko kwa goti. Nazipa alinitazama. Alitazama goti langu, akatazama droo, akashusha macho kwenye kikombe chake.

"Dada," alisema polepole, "chai yako tamu."

Alijua. Nilijua amejua, na hakumwambia mumewe neno. Tukanywa. Jua likaondoka ukutani. Mlio wa lifti ulipanda na kushuka, ule ambao mimi nilikuwa nausikiliza kila usiku tangu Februari nikizunguka kati ya kitanda na kochi na sakafu ya jikoni, na bibi yule akaendelea kulala humohumo, anakoroma taratibu, nami nikamwonea wivu mpaka machozi yakanilengalenga. Mtu analala kwangu, mimi silali kwangu! Orynbek alienda mara mbili kumchungulia kama yu hai.

Alipotoka, kilemba kilikuwa kimemwendea upande na uso wake una alama za mto kama wa mtoto mchanga. Aliketi. Nikampa chai.

"Nimeota mwanamke," alisema. "Kabeba godoro mgongoni. Anaingia chumba hiki, anatoka, anaingia kile. Nikamwambia, binti, si ulaze hilo godoro? Akaniambia, sijapata mahali. Kisha akaniona nimelala, akaja akaketi kando yangu, akawa ananifukuzia nzi." Akanywa funda moja. "Nzi mwezi wa nne, sijui walitoka wapi."

Mimi siamini ndoto. Labda alinusa mafuta yangu ya nywele kwenye shuka. Labda aliona macho yangu mekundu tangu siku ya kwanza, akajaza mwenyewe yaliyobaki. Lakini nilikiweka kikombe chini.

"Ni mimi, mama," nilisema. "Nyumba ni yangu. Benki inaichukua mwisho wa mwezi ujao."

Orynbek alisimama. "Kwa hiyo umetudanganya, dada?"

"Sijawadanganya. Sijasema tu."

"Kwetu Kegen hiyo tunaita kudanganya."

"Kaa chini wewe," mama yake alimwambia. "Unamfokea mtu aliyekupa chai?" Akanigeukia. "Kwa nini unauza? Niambie wewe, si benki."

Nikamwambia. Nilimweleza kuhusu dola, na lile tabasamu la afisa mikopo, na mkate. Nilimwambia kwamba naipenda fleti hii na kwamba inanila. Nikasema pia kwamba nikiuza kwake nitafuta deni na sitabaki na kitu zaidi ya kodi ya chumba mpaka vuli, na kwamba nisipouza nitabaki na deni bila nyumba. Nililia, na pua ilinitoka, wala sikuwa na leso. Nazipa akanipa ncha ya kitambaa cha mezani, changu mwenyewe.

"Nyumba inalalika," Kulyash alisema mwishowe. "Aliyeshindwa ni mwenyewe, na sasa nimejua sababu. Orynbek, zungumza bei. Na usimbane."

Alinibana kidogo. Ni mwanaume, ilibidi. Tukaenda kwa mthibitishaji wa hati, tukasaini, fedha zikapita mbele ya macho yangu zikaenda benki bila hata kunisalimia. Nilitoka pale nikiwa mwepesi na mtupu. Nilipanga chumba upande wa chini, kwa mjane mmoja anayefuga paka, na usiku nikaendelea kukodoa macho. Deni limekwisha, usingizi haujarudi. Hilo lilinikasirisha kuliko yote.

Walipokwisha kuhamia nilipanda kuwapelekea ufunguo wa sanduku la barua niliousahau kwenye mkoba. Ilikuwa mchana. Mapazia ya Nazipa yalikuwa yameshatundikwa, ya rangi ya parachichi bivu, na harufu ya maandazi ya moto ilijaa hadi kwenye lifti. Ukutani kwangu walikuwa wametundika zulia lao, kama desturi ya kwao. Nilisimama mlangoni nikashindwa kuvuka.

"Ingia, acha kusimama kama mkusanya kodi," alisema Kulyash.

Tulikunywa chai. Nilikuwa nimeshaweka ufunguo mezani na kuaga aliponishika kiwiko.

"Baba yake Orynbek alipouza farasi," alisema, "hatamu hakuitoa. Mnunuzi alikuja na hatamu yake. Farasi aende, hatamu ibaki kwa mwenyewe, ili bahati yake isiondoke yote. Wewe umetuuzia, ukatoka. Umebaki na nini?"

"Sijabaki na kitu, mama."

"Basi biashara yetu haijakamilika. Sema unataka nini. Kikombe? Kitasa cha mlango? Sema."

Niliangaza macho. Vikombe vilikuwa vyao. Kitasa kilikuwa kitasa. Nikaona mlango wa chumba uko wazi, kitanda kimetandikwa, na mwanga wa mchana umelala juu yake, na mwili wangu mzima ukauma kwa kuchoka, uchovu wa miezi yote kwa mpigo.

"Nataka kulala," nilisema. "Mara moja tu."

Hakucheka. Alinitangulia, akaupiga piga mto wake, akatoka na kufunga mlango nusu. Nikavua viatu. Nakumbuka nilisikia lifti ikianza kupanda, na sikuisikia ikifika.

Sijui nilichoota. Kilichonizindua kidogo ni mlango wa nje na sauti ya Orynbek akitoka kazini, na mama yake akimkemea kwa kunong'ona.

"Weka viatu taratibu! Kuna mtu kalala."

"Nani?"

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba si wewe, mama?"

"Kuanzia kesho. Leo ni yeye. Njoo ule, na usigonge sahani."

Mtu alikuwa amenifunika blanketi nikiwa usingizini. Nikalivuta hadi kidevuni, nikageukia ukuta, nikalala tena.