Sekunde Nne za Pechiammal

Jumatatu saa tatu asubuhi Sudalai alivua ndara mlangoni mwa studio ya Isakki, akaingia na kompyuta kwapani, akaiweka mezani katikati ya albamu mbili za harusi. Ilikuwa kompyuta ya mpwa wake, mojawapo ya zile ambazo serikali iligawa bure mwaka wa uchaguzi, na kwenye mfuniko palikuwa na picha ya kiongozi akitabasamu. Kiongozi alikwisha kufa lakini picha haibanduki. Watu wa kijiji chao, Karisalpatti, wameijaribu kwa mafuta ya taa na kwa kisu. Maji ya bomba ndiyo hukatika, picha haikatiki.

"Nifundishe kutengeneza video ya mashabiki," Sudalai alisema.

Isakki alimtazama kuanzia miguuni. Mzee wa miaka hamsini na sita, darasa la nne, kucha bado zina rangi ya fedha kwa unga wa fataki alioacha kuushika miaka mitano iliyopita.

"Mjomba, wewe na Jenerali tangu lini? Shabiki alikuwa shangazi, mkeo."

"Ndiyo maana."

Jenerali ni nyota wa filamu. Ijumaa ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, na ukumbi wa sinema wa mjini ungeonyesha tena ile filamu yake iliyopigiwa hapohapo Karisalpatti miaka sita nyuma. Kabla ya filamu, chama cha mashabiki huonyesha video yake chenyewe ya dakika tatu, na safari hii mwenyekiti, Rajapandi, alikuwa ametangaza kwamba yeyote alete. Isakki alikubali kufundisha na kutoa nakala ya filamu, kwa sharti kwamba video iwe imefika kwenye kundi la chama la simuni Alhamisi mchana.

"Sheria ni chache," alisema. "Unakata ngoma inapolia. Uso wa Jenerali usipotee zaidi ya sekunde mbili, watakutukania mama. Sasa weka mshale hapa, bonyeza, kata. Usichokitaka, futa."

Sudalai alikata kipande cha ngumi, akakifuta. Jino lilidondoka chini ya meza, likabiringika mpaka kwenye mguu wa kiti, na nyuma yake yakafuata mate yenye damu.

"Ufagio uko nyuma ya mlango," Isakki alisema. "Kinachokatwa lazima kiangukie mahali. Mimi kwa harusi peke yake nafagia makofi ya mawifi gunia zima kwa wiki."

"Na nikikosea?"

"Unabonyeza hapa, Tendua. Kila kitu kinarudi kilikotoka, hatua kwa hatua, ya mwisho ikitangulia. Ila ukishafunga programu, basi tena, kilichotoka kimetoka."

Sudalai alifagia, akashukuru, akaenda zake. Hayo maneno ya mwisho hakuyashika. Alikuwa anawaza dakika ya sitini na moja.

Katika dakika ya sitini na moja ya filamu ile, wafanyakazi wa fataki wanaandamana na polisi wanawapiga, mpaka Jenerali anaruka kutoka juu ya lori kuwaokoa. Wafanyakazi walikuwa wafanyakazi kweli. Waliahidiwa ujira wa siku na wali wa ndimu. Fimbo pia zilikuwa za kweli, za mwanzi uliotiwa chuma nchani, kwa sababu mwongozaji alitaka sura za kweli. Pechiammal, mke wa Sudalai, anaonekana kwa sekunde nne. Anatembea, anainua mkono, anafumbua mdomo, na fimbo ya tatu inamvunja mfupa wa bega. Alirudi nyumbani mkono umefungwa kanga, anacheka. "Angalau mimi nimepigwa, Jenerali akaja," alisema. "Wewe ukipigwa atakuja nani?"

Mwaka uliofuata banda la kuchanganyia baruti katika kiwanda cha Gurusamy lililipuka na Pechiammal ndani. Mlango wa pili ulikuwa umefungwa kwa kufuli ili watu wasitoke kabla ya saa. Walimtambua kwa pete ya kidole cha mguu. Mkaguzi alikuja kwa gari lenye pazia, akanywa chai kwa Gurusamy, akaandika sababu: uzembe wa marehemu. Wafanyakazi waliandamana, na polisi wakawapiga kwa mtindo uleule wa kwenye filamu, ila hakuna aliyeruka kutoka kwenye lori. Ndivyo wakubwa walivyo. Hata picha ya maumivu yako wanaiuza, na maumivu yenyewe wanakuachia.

Jumatano asubuhi, nyumbani kwake, Sudalai aliifungua dakika ya sitini na moja. Kwanza alikikata kipande cha mwisho, chenye kipigo, akakifuta. Zilianguka fimbo kumi na moja, kofia mbili za polisi na kidole kimoja. Fimbo alizifunga kwa uzi wa fataki na kuziegemeza barazani. Kidole kunguru alikichukua. Kikabaki kipande cha mwanzo, sekunde mbili na nusu ambazo Pechiammal bado hajaguswa. Akakipunguza mwendo mpaka mahali ambapo programu ilikataa kwenda zaidi. Kisha akakifuta nacho.

Pechiammal alisimama kando ya ndoo ya mchele, amevaa ile sari ya kijani ya kwenye filamu. Programu ilikuwa ya bure, kwa hiyo jina la kampuni lilikuwa limeandikwa tumboni mwake kama kwenye ubavu wa lori. Mguu mmoja ulikuwa hewani. Sudalai alimwekea kigoda, akaketi kumtazama. Mguu ulifika chini saa nne.

Mkono ulianza kupanda, na mdomo kufumbuka. Miaka yote Sudalai aliamini kwamba pale mkewe alikuwa anapiga kelele za kudai haki, maana kwenye filamu muziki uliyafunika maneno. Sasa aliyasikia, silabi moja baada ya nyingine. Ilipofika saa tisa alasiri sentensi ilikuwa imekwisha.

"Huo wali wa ndimu mbona hauji?"

Alikuwa anamwuliza mwenzake. Mkono ule aliuinua kukinga macho, aangalie kama gari la chakula limetokea.

Sudalai akawasha jiko. Kukicha Alhamisi alikuwa amepika wali, ameukamulia ndimu mbili, ameutia manjano, karanga na majani ya mchuzi, akaupakua kwenye jani la mgomba na kuushikilia chini ya mkono wa mkewe. Mkono ulikuwa unashuka. Kompyuta hakuifunga. Aliogopa kwamba akiifunga mke atazimika nayo, na kwa kuwa umeme wa Karisalpatti una hiari yake, alikuwa ameazima betri ya trekta ya jirani. Mchana, kwa sababu aliahidi, akaituma video kwenye kundi la chama.

Katika video hiyo Jenerali anaruka kutoka kwenye lori na kuwavunja miguu polisi waliosimama kwenye barabara tupu, mikono mitupu, ambao hawajamgusa mtu.

Mashabiki tisa walifika saa kumi alasiri, pamoja na Rajapandi mwenyekiti, ambaye pia ni msimamizi kiwandani kwa Gurusamy. Ufunguo wa lile kufuli hukaa kwake. Isakki walimleta kwa kola.

"Mzee," Rajapandi alisema, "umemfanya Jenerali mwendawazimu. Anapiga watu wasio na kosa?"

"Subirini ale," Sudalai alisema. "Mkono umebakiza upana wa kidole tu."

"Ale nani? Huyu yumo kazini. Asipopigwa yeye, Jenerali atamwokoa nani?"

Wakachukua fimbo barazani, zilikuwa tayari zimefungwa vizuri. Fimbo ya kwanza ilimpata Sudalai magotini, ya pili mbavuni. Ya tatu ilimpasua ngozi ya kichwa na kuondoka na nywele. Jani halikumponyoka. Pechiammal alikuwa anatazama mbali, kule lilikotakiwa kutokea gari la chakula, na ncha ya kidole chake ikagusa wali.

"Tendua," Rajapandi alisema.

Isakki alibonyeza. Pechiammal alirudi ndani ya kompyuta, miguu kwanza, kidole mwisho. Akabonyeza tena, mwendo ukawa wa kawaida. Akabonyeza mara ya tatu, na fimbo zikatoka mikononi mwa mashabiki. Mmoja alikuwa amekwisha kuinua, akaanguka kifudifudi kwa nguvu yake mwenyewe, wenzake wakamcheka.

"Mjomba, ungeifunga tu ile programu," Isakki alisema chini chini. "Asingerudi."

Waliondoka na kompyuta.

Kwenye kituo cha polisi ofisa alimsikiliza Sudalai mpaka mwisho, kisha akauliza fimbo ziko wapi.

"Zimo kwenye filamu."

"Zilikuwa za nani?"

"Zenu."

Ofisa aliandika: majeraha kwa uzembe wake mwenyewe.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Nje walimwagia bango la Jenerali ndoo za maziwa na kuwasha fataki za Gurusamy. Gurusamy mwenyewe, mlezi wa chama, alikaa juu kwenye viti vya sponji akiwa amevishwa shada. Sudalai alikaa mbele kabisa, kwenye mabenchi, kichwa kimefungwa bandeji.

Video ilikuwa imerekebishwa. Pechiammal alitokea, akatembea, akainua mkono. Kwenye ncha ya kidole palikuwa na punje moja ya wali, ya manjano. Aliiona. Alilamba kidole. Kisha fimbo ya tatu ikashuka begani, na kwenye ncha yake palikuwa na damu mbichi na unywele mweupe, ambavyo mwongozaji hakuviweka. Watu wa mabenchini walisema picha siku hizi zinatengenezwa vizuri.

"Rudia!" ukumbi ulipiga kelele.

Waliirudia mara tatu. Mara tatu alilamba kidole, na mara tatu wakampiga.