Uzi wa Chini

Kwa miaka minane, wanawake wanne wa kile chumba cha cherehani hawakumpa Sindano mkasi mkononi. Akiuomba, waliuweka mezani auchukue mwenyewe. Hawakumtukana, maana matusi angeyajibu.

Kisa ni hiki. Zamani wote walishona kiwandani, wakakubaliana kuweka kazi chini. Majina kumi na moja ya waliokula kiapo Sindano aliyaandika, la kwake likiwa la kwanza, akayashonea ndani ya pindo la aproni yake. Asubuhi ya mgomo meneja alikuwa nayo yote, kwa mpangilio uleule, na wote kumi na mmoja wakaonyeshwa mlango. Aliyeyaiba alikuwa mchumba wa Sindano. Mwezi uliofuata akapandishwa cheo kuwa msimamizi, na bila kupepesa macho akatangaza kwamba amevunja uchumba kwa sababu hawezi kuoa msaliti.

Mtenda husahau. Mtendwa hukumbuka hata rangi ya shati. Lilikuwa la kijani.

Basi Jumatatu moja huyo Msimamizi akaingia chumbani, tumbo likitangulia kama mjumbe, bibi harusi wake nyuma.

"Fundi, nataka suti ya harusi. Wanasema kwa kuficha kitambi huna mpinzani," akasema. "Na yaliyopita si ndwele."

"Tugange yajayo," Sindano akamalizia, kwa sauti tamu mpaka mpiga pasi aliyekuwa pembeni akainua kichwa.

Huyo mpiga pasi walimwita Makaa. Naye alikuwamo katika wale kumi na mmoja. Ndiye peke yake aliyempa Sindano vitu mkononi, na kila asubuhi alikuja kwake kuazima kiberiti cha kuwashia pasi.

Wateja walipoondoka, Sindano akavuta droo ya cherehani aliyorithi kwa Shangazi yake. Huyo Shangazi aliachwa na wanaume watatu, na wote watatu walikufa wembamba sana. Mle drooni kulikuwa na kidonge cha uzi mweusi kilichozungushiwa karatasi yenye mwandiko wake: *Uzi wa mwongo. Kila uongo, hukaza vidole viwili. Usimshonee unayempenda.*

Sindano akaweka uzi ule juu, akajaza na bobini, kile kidude kinachobeba uzi wa chini, kilichofichwa tumboni mwa cherehani. Hata kabla hajaweka mguu, pedali ikaanza kwenda yenyewe.

"Taratibu, Shangazi," akanong'ona. "Nataka kufaidi."

Siku nne suti ikawa tayari. Mchana ule Makaa akaleta shati lake lililofumuka ubavuni. Sindano akatoa uzi mweusi wa juu, akaweka mweupe, akashona huku Makaa amesimama karibu akimwangalia. Fundi gani husahau kubadili uzi wa chini? Fundi anayeangaliwa hivyo.

Jumamosi asubuhi Msimamizi akaja kujaribu. Suti ilimkaa kama amezaliwa nayo. Wale wanawake wanne walishona wameinamisha vichwa, masikio wima.

"Umependeza!" bibi harusi akasema. "Lakini hebu niambie, ile siku mlisema yaliyopita. Yepi?"

"Si kitu, mpenzi. Alinitaka nikamkataa."

Koti likambana. Akajikuna kifua.

"Ulimkatalia nini? Mbona mzuri?"

"Aliuza majina ya wenzake kiwandani."

Kifungo kikaruka, kikagonga kioo. Cherehani nne zikanyamaza kwa pamoja.

"Fundi, suti inabana!"

"Inabana?" Sindano alikuwa amebana pini midomoni. Akazitoa moja moja, bila haraka. Miaka minane haina haraka. "Nani aliuza majina?"

"Wewe!"

Suruali ikamkaba mpaka akasimama kwa vidole vya miguu.

"Nani?"

"Meneja... meneja aliota ndoto!"

Kola ikamfunga. Uso ukaiva.

"Nivue!"

"Zipu imegoma, bwana. Na mgomo wa safari hii hauna wa kuuvunja. Nani?"

"Mimi! Alilala saa ya mapumziko, nikafumua pindo la aproni yake, nikanakili, nikarudishia, nikampelekea meneja! Yeye hakujua lolote!"

Suti ikalegea ghafla, suruali ikaanguka chini. Akaikusanya kwa mikono miwili na kukimbia hivyo hivyo, soksi moja nyeusi, nyingine ya kahawia.

Bibi harusi akamtazama akiishia barabarani. "Fundi," akasema, "gauni langu la harusi unaweza kulifupisha liwe la kutembelea?"

"Lilete leo, kesho njoo ulichukue."

Mkubwa wa wale wanawake akainuka. Akauchukua mkasi mezani, akaushika upande wa makali, akampa Sindano mpini kiganjani.

Sindano akaupokea. "Nitawasamehe," akasema. "Lakini si leo."

Makaa akajitokeza, kifua mbele. "Mimi ndugu zangu nilijua tangu mwanzo. Sikumshuku hata siku moja... Aaa!"

Akashika ubavu. Sindano akageuka, akaifungua cherehani chini. Bobini ilikuwa nyeusi tii.

"Hebu rudia," akasema polepole.

"Labda siku moja. Wiki! Aaa, mama yangu! Miezi miwili!" Shati likalegea. "Halafu nikakumbuka jina lako lilikuwa la kwanza. Nani anajiuza mwenyewe?"

"Na hukuwaambia hawa?"

"Niliogopa wasije wakanitenga na mimi." Shati halikusogea.

"Na viberiti vyangu?"

"Vya kwangu huwa vimelowa... Aaa! Viko nyumbani, sanduku zima! Sijawasha hata kimoja! Nakupenda, mwanamke wewe!"

Shati likashusha pumzi. Wale wanne wakacheka mpaka mmoja akajichoma sindano.

Makaa akaiokota ile karatasi ya Shangazi, akaisoma, akatabasamu. "Hapa pameandikwa usimshonee unayempenda."

"Uzi wa juu ulikuwa mweupe," Sindano akajibu, mashavu yakimwaka.

"Basi fumua huo wa chini."

"Miezi miwili uliniona msaliti, Makaa. Utalivaa miezi miwili. Baada ya hapo njoo kwetu na wazee wako."

Akakinyanyua kidonge cha uzi dirishani, akakigeuzageuza. Kilibaki cha kutosha shati moja.

"Yule meneja," akauliza, "anavaa kola saizi gani?"

Makaa ndiye aliyekuwa akimpigia meneja pasi mashati yake. Akatazama mlangoni. "Nitajuaje mimi?"

Ukasikika mlio mdogo wa mshono ukikaza.

"Kumi na saba!" akapiga kelele. "Kumi na saba na nusu akishiba!"