Moshi Ulioagwa Rasmi

Sherehe ya kuliaga Tanuri Namba Moja ilifanyika Jumanne saa nne asubuhi, kwenye uwanja wa kampuni ya umeme. Mfagizi alipanga viti themanini na kufuta meza ya wageni mara mbili. Meneja alisema kuanzia siku ile kampuni inapunguza hewa chafu: makaa ya mawe basi, sasa zamu ya jua. Keki ikakatwa. Kisha akainua uso kulitazama bomba la tanuri na kusema, "Moshi wetu, umetumika vya kutosha. Kwaheri."

Baada ya chakula cha mchana mafundi waliliwasha tanuri lilelile, maana umeme ulihitajika na paneli za jua zilikuwa bado ghalani, kwenye maboksi. Mwaka wa tatu huo. Kila Ijumaa mfagizi aliyapangusa vumbi.

Saa kumi na moja jioni ya Jumanne ile hodi ikapigwa nyumbani kwake, nyuma ya ukuta wa kampuni. Alikuwa Moshi.

"Karibu. Mbona huku?"

"Mama, nimeagwa mbele za watu. Keki imeliwa. Nitapandaje tena lile bomba? Nina haya zangu."

Hilo halikuwa na ubishi. Mfagizi alimtolea kigoda, akamwambia afute miguu kabla ya kuingia. Moshi hana miguu, lakini alijitahidi.

Tabu ilikuwa kwa binti wa mfagizi, fundi cherehani, mwenye pumu tangu utotoni. Alitoka chumbani na dawa yake ya kuvuta mkononi.

"Mama, umemkaribisha nani?"

"Mgeni wa kazini."

"Mgeni gani huyu, anajaa mpaka kabatini?"

"Nisamehe, dada," alisema Moshi, akajikunja hadi akaenea chini ya kitanda. Kikohozi hakikupungua. Siku mbili binti alilala ameketi.

Alhamisi mfagizi alisali, akafunga kitambaa kichwani, akamshika Moshi mkono wakaenda kwa Meneja. Mlinzi aliwapa daftari la wageni. Palipoulizwa atokako, Moshi aliandika: hapahapa.

"Bosi, tanuri lizimwe, paneli zipandishwe paani," alisema mfagizi. "Mwanangu hapumui."

Meneja alimtazama Moshi kwa upole. "Mzee, wewe ulishastaafu. Kapumzike nyumbani."

"Tanuri linawaka, bosi."

"Mama, tumeshaliaga. Tukilizima leo, watu si watauliza juzi tuliaga nini?"

Akamkabidhi Moshi cheti cha utumishi mwema, kilichosahaulika siku ya sherehe. Kikashika masizi palepale.

Binti alihamia kwa mama yake mdogo, ng'ambo ya kilima, yeye na cherehani yake. Mfagizi alibaki, kazi ikiwa huku. Moshi si mgeni mbaya. Mfagizi akisali, hujibana dirishani akangoja amina. Jumapili mfagizi akienda kumwona binti, Moshi humsindikiza hadi nusu ya kilima, halafu husimama hapo, wala hapungi mkono, asije akafika kifuani kwa mtoto wa watu.

Ijumaa, mfagizi akipangusa maboksi, Meneja alipita na habari njema. Mwezi ujao wanaliaga Tanuri Namba Mbili. Safari hii viti mia.

Mfagizi alirudi nyumbani, akatoa kigoda cha pili, akakipangusa nacho.